Noeli Ambayo Mama Mukwe Hakulala Kwetu

Mushonaji hapendi Noeli. Wengine wataona ni dhambi kusema hivyo, lakini ninasema. Mwezi wa kumi na mbili ukianza, atelie yangu hapa mtaa wa Nyakasanza inajaa vikwembe, vile vitambaa vya rangi vya akina mama, mpaka mlangoni, na kila mama anaapa kwamba nilimwahidi yeye wa kwanza. Siku ile ya kuamkia Noeli nilikuwa na mita ya kupimia shingoni na pini mdomoni, na mama mmoja ananigombeza juu ya suruali ya mtoto wake.

"Iko murefu sana, fundi!"

"Mama, weye mwenyewe ulisema nimuachilie ya kukomea, mutoto anakua."

"Ya kukomea, ndiyo. Lakini hii atavaa siku ya ndoa yake!"

Watu walicheka, nami nikacheka, nikakunja pindo. Vita ilikuwepo, lakini ilikuwa kule milimani. Sisi wa mjini tuliiona kwa watu waliofika na godoro kichwani na kuku kwapani. Tukawapa pole, tukarudia kazi zetu. Tulikuwa tumezoea. Ninaona haya kuandika neno hilo, ila sina lingine.

Mchana nikaona mtu amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, amenipa mgongo, anaangalia barabara. Sikuhitaji kuuliza. Mtu mmoja tu hapa duniani alikuwa ananikalia hivyo: Mama Veronika, mama mzazi wa Afoyo, mke wangu.

Sisi watu wa upande wa Mahagi tuna heshima ya bukwe. Mama mukwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Akipita njiani, mimi ninaingia majanini. Hawezi kula mbele yangu, wala kulala ndani ya nyumba yangu. Hata nguo zake nilizishona bila kumpima: Afoyo alikuwa ananiletea kamba yenye mafundo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la urefu. Nilimjua mama huyo kwa kamba na kwa sauti. Uso wake sikuujua.

"Baba ya watoto," alisema, bado anaangalia barabara, "iko vita kwetu. Walichoma nyumba. Siye tulikimbia."

"Yesu na Maria! Uliumia, Mama?" Niliuliza huku nimegeukia mashini.

"Hapana. Miguu tu."

Nilimwita kijana wa pikipiki ampeleke nyumbani kwa binti yake. Mimi nikabaki nashona, maana watoto wa watu hawawezi kwenda misa ya Noeli uchi. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilifika nyumbani jua likianza kushuka. Mama Veronika alikuwa uani, amekunywa chai, miguu yake ndani ya beseni. Nilipita nyuma ya jiko, kama inavyotakiwa, nikawasha pasi ya makaa kunyoosha gauni lake la Noeli, lile la kikwembe cha buluu. Kutoka pale nilisikia kila kitu.

Swali lilikuwa moja tu: atalala wapi? Afoyo alikuwa ameshauliza kwa jirani wa kulia, watu wanalala hadi jikoni. Wa kushoto alikuwa amepokea familia mbili.

"Lala hapa, Mama," alisema Afoyo. "Hii ni vita. Mungu anaona."

"Mu nyumba ya mukwe wangu? Ekie! Weye mutoto, unataka nife na haya?" Kisha akacheka, sauti yake imechoka. "Wenzangu wa kijiji wako kule ku kigango. Nitalala nao. Kesho nitasali hapo hapo, kisha nitakuja kula kuku yenu."

Kigango hicho kilikuwa pembeni kabisa ya mji, upande wa kule walikotoka. Kanisa dogo la udongo, na nyuma yake jumba la mikutano ambamo watu waliokimbia walikuwa wamelazwa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Heshima ya bukwe ina mlango wake wa nyuma. Mume akiondoka nyumbani, akalala pengine, nyumba inabaki ya mke, na mama anaweza kulala kwa binti yake bila haya. Muzee wangu alifanya hivyo. Bibi yangu, mama wa mama, alipougua, muzee alibeba blanketi yake akalala bandani na mbuzi, wala hakuna aliyemcheka. Nililijua jambo hilo. Nililikumbuka pale pale, pasi mkononi. Ilikuwa niseme tu: "Afoyo, mwambie Mama abaki, mimi nitalala ku atelie." Maneno yalikuwa tayari.

Sikuyasema. Nilikuwa nimeshona usiku na mchana wiki nzima, mgongo unaniuma, na atelie ina sakafu ya simenti. Nilikitaka kitanda changu. Nilitaka kuamka asubuhi ya Noeli nyumbani kwangu kama mwanaume mwingine. Nikajiambia ni usiku mmoja, na pengine mama angekataa tu. Nikalikunja gauni, nikalitia ndani ya mfuko, nikamwita Afoyo aje alichukue. Mama Veronika alishukuru kwa sauti, uso wake ukutani.

"Aksanti, baba. Weye uko mutu mwenye heshima."

Akaondoka. Nilikula, nikalala kama jiwe.

Risasi ziliniamsha alfajiri.

Zilikuwa za mbali. Upande wa kigango.

Afoyo alikuwa ameshakaa kitandani. "Mama," alisema.

Nilitoka mbio. Kijana wa pikipiki alikubali kunifikisha kwenye kizuizi cha askari, kuvuka hapo akakataa. Askari walitusimamisha hapo, watu wengi, wengine wamevaa nguo mpya za sikukuu. Nilitambua kazi ya mikono yangu kwenye miili yao.

Tulingoja.

Risasi ziliacha kulia. Tukaendelea kungoja.

Walipotufungulia, nilienda kwa miguu. Kanisa lilikuwa limesimama. Jumba la nyuma lilikuwa linatoa moshi. Waliotushambulia hawakuwa wametumia risasi peke yake. Sitasema zaidi ya hapo.

Katekista, shati lake limelowa, alikuwa anafunika watu kwa mikeka. Aliniuliza ninamtafuta nani.

"Mama mukwe."

Akafunua mkeka mmoja, wa pili, wa tatu. Nikaona kikwembe cha buluu. Alikuwa ameamka mapema, amevaa gauni lake kwa ajili ya misa. Mshono wa bega ulikuwa wangu.

"Ni yeye?" aliuliza katekista. "Angalia uso."

Ndipo nilipomtazama mama mukwe usoni, mara ya kwanza. Afoyo wangu amefanana naye kabisa. Nilikuwa sijui. Niliangalia muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, halafu nikaomba mkeka urudishwe.

Tulimzika siku iliyofuata pamoja na wengine, katika shimo moja, maana mbao za majeneza hazikutosha.

Watu walinipa pole. Wazee wa ukoo wake walikuja, wakanisifu mbele ya wote: mukwe huyu alimheshimu mama yetu mpaka mwisho. Jamani! Afadhali wangenitukana. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Baada ya hapo Noeli ikawa adui yangu. Kila mwaka mwezi ulipokaribia niliwaka hasira kwa kila kitu, niligombana na wateja, niliwapigia watoto kelele juu ya pini zilizoanguka. Misa nilikwenda. Lakini watu waliposimama kwenda kukomunika, mimi nilibaki kwenye benchi, nikisogeza magoti wapite. Afoyo alikuwa anapita mbele yangu bila kuniangalia. Kitubio sikwenda, kwa sababu ningeungama nini? Sikuua. Sikuiba. Nimtajie padri kwamba nilimheshimu mama mukwe?

Majilio ya mwaka jana mistari ya kitubio ilikuwa mirefu hadi nje ya kanisa. Nilikuwa nimepeleka mavazi ya altare niliyoshona, nikapita karibu na mstari, nikajikuta nimesimama ndani yake. Sijui nieleze vipi zaidi. Nilikuwa nimechoka, basi.

Padri alikuwa kijana, umri wa mwanangu mkubwa, naye aliniita Papa, yaani baba.

"Nilikosa, Padri, lakini sijui ni amri ya ngapi."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua watu wabaya watakuja?"

"Hapana."

"Ulimufukuza?"

"Hapana."

"Sasa, Papa, unaungama nini?"

"Nilitaka kitanda changu."

Nilisikia watu wakikohoa nje.

"Hiyo inatosha kuungama," alisema. Akaanza maneno ya maondoleo ya dhambi.

Nilimkatiza. "Ni hivyo tu, Padri?" Nilibishana naye kama mteja anayeogopa kitambaa cha bei rahisi. Ningependa aniambie nitembee kwa magoti mpaka Mahagi.

"Papa, unataka nikupige. Sitakupiga. Iko Mwingine alishapigwa kwa ajili yako, na Noeli ni siku ya kuja kwake. Ukikataa msamaha, unamufungia mlango." Halafu akanipa malipizi: Baba Yetu moja, niisali pamoja na mama wa watoto. "Na mbele ya kusali, kwanza umuambie yote."

Kumbe adhabu ilikuwepo.

Nilichelewa kwa siku nyingi. Mwisho, mchana wa kuamkia Noeli, niliacha mashini na wateja wakinipigia kelele, nikaenda nyumbani. Afoyo alikuwa uani ananyonyoa kuku. Nilikaa kwenye kiti kidogo mbele yake, nikamwambia: pasi, muzee wangu na mbuzi, maneno yaliyokuwa tayari, kitanda.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuvuta manyoya, taratibu, mpaka kuku akabaki uchi.

"Nilitaka kukuomba," alisema.

"Kuniomba nini?"

"Ulale ku atelie. Mimi pia nilijua. Ile siku yote nilikuwa nalo neno hapa." Akagusa koo lake kwa mkono uliolowa. "Nikakuona vile umechoka. Nikasema mu roho, wacha bwana yangu alale, ni Noeli. Mama amezoea shida." Akaweka kuku chini. "Ndiyo vile nilisema. Mama amezoea shida."

Alilia kwa sauti, jambo ambalo hata kwenye mazishi hakulifanya. Nilitaka kumshika, sikujua kama nina haki.

"Kila Noeli unabaki ku benchi," alisema alipoweza. "Nilifikiri ni mimi unanihukumu. Nilifikiri ulijua."

"Afoyo, mimi? Nikuhukumu weye?"

Miaka yote hiyo tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mmoja akiogopa mwenzake aliye pembeni.

Tulisali pale pale, mikono yake ina manyoya. Tulipofika pa kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, tulingojana, kisha tukamaliza. Kitu fulani kilitulia ndani yangu. Sio furaha. Ni kama mashini ikiacha kupiga kelele na unasikia kwamba nyumba ina watu. Nilijua Mungu yupo pale uani, na hakuwa amekasirika. Kwenye misa ya usiku ule nilisimama na wengine nikakomunika, na Afoyo alikuwa nyuma yangu.

Nisidanganye lakini. Nimepima mara nyingi, kazi yangu ni kupima. Neno moja lingemwokoa mama yule, na watu wawili tulikuwa nalo. Afoyo alinyamaza kwa kunihurumia mimi. Mimi nilinyamaza kwa kujihurumia mimi. Hatulingani, hata kama Mungu ametusamehe sawasawa. Na Mama Veronika yuko ndani ya shimo moja na wengine, mbali na kwao Mahagi, alienda huko akiniita mtu mwenye heshima.

Baada ya misa nililala bila ndoto, kitu nilichokuwa nimekisahau. Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia ndani, na Afoyo bado amelala, uso wake umenigeukia. Nilimtazama, na ulikuwa uso wa mama yake. Nilimshukuru Mungu kwa usingizi ule, kwa moyo wangu wote. Halafu nikamwomba mama mukwe radhi kwamba nimelala vizuri.