Asali Niliyosema Imechacha

Leo fundi wa Mkuyuni kampunguzia wifi yangu gauni, halafu mimi akaniongezea.
Kitenge kilekile. Mbele ya wateja!

Nikamuuliza huku nacheka, rohoni nawaka: "Wifi, siri ni nini?"

"Natembea kila asubuhi, soda nimeacha. Na ile asali ya nyuki wadogo aliyotuletea mama. Nesi anasema ina vitu vya kulinda seli, maana sisi wanene zetu zinachakaa haraka."

Jamani, mama mkwe alituletea chupa mbili. Yangu nilipoionja, nyepesi kama maji, kali kama ukwaju. Nikasema haya, binti yake kampa nzima, mimi mkwe kanipa iliyochacha.
Kwa hasira nikampelekea wifi. "Chukua na hii, sitaki."

Kumbe asali ya nyuki wadogo ndivyo ilivyo! Hata yake ilikuwa chachu vilevile.

"Yangu iliisha," akasema, anajigeuza kwenye kioo. "Sasa hivi nalamba ile yako."

Fundi naye, futi shingoni: "Mama, nikuachie kitambaa pembeni, tukija kuongeza tena?"

Wewe ungemjibu nini?