Somo la Foleni

Mimi nilikuwa wa akiba. Ofisi yetu ya kusafirisha pamba pale Mwanza ilipata nafasi moja ya kusomea udaktari wa uchukuzi ng'ambo, ikampa mwenzangu wa meza ya jirani. Mkuu wetu akaniambia, "Ndugu, vuta subira. Huyu akianguka, utakwenda wewe." Nilimpa mwenzangu mkono wa pongezi huku roho ikiniuma.

Kumbe huko hawakumruhusu kugusa utafiti kabla hajamaliza masomo ya darasani: takwimu, uchumi, maghala, foleni. Ndiyo, foleni nayo ina somo lake. Takwimu akafaulu, nikanuna. Foleni akaanguka, nikawanunulia wenzangu chai na maandazi bila kusema sababu. Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anarudishwa nyumbani.

Akaja likizo kuirekebisha kazi iliyomwangusha. Alikuwa ameandika juu ya jinsi malori yetu yanavyosubiri pantoni ya kuvukia ziwa pale Kigongo, yakienda kubeba pamba upande wa pili, Busisi. Mwalimu wake alikuwa amemwambia hesabu zake hazilingani na muda halisi wa kusubiri. Akaniomba nimsindikize. Alivaa viatu vya ngozi laini, na nilivitazama njia nzima.

Tulipofika Kigongo alihesabu malori, akakuna kichwa. "Dada, kwa hesabu hii lori la mwisho livuke kabla ya adhuhuri. Madereva wanasema jioni. Hawa ni waongo tu."

Jibu nilikuwa nalo. Pale gari la msiba halipangi foleni. Linapita mbele, na magari ya wafiwa nyuma yake, na hakuna anayepiga honi. Siku yenye misiba kadhaa, malori husubiri hadi jioni. Yeye mwenyewe aliwahi kupitishwa hivyo akimpeleka shangazi yake kuzikwa, ila aliona mambo ya kwetu hayastahili kuingia kwenye hesabu za wasomi.

Ningenyamaza, ningekwenda mimi. Lakini kuwaita madereva wetu waongo, mbele yangu, na viatu vile! Hasira ikanitangulia.

"Umesahau maiti," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akakaa juu ya jiwe, akaanza kuandika. Hata asante hakusema.

Alifaulu. Alirudi akawa mkuu wangu, na kila asubuhi hadi nilipostaafu nilimwita Daktari. Watu husema nilimsaidia. Mimi nilitaka tu kumwonyesha kwamba najua kuliko yeye.