Mchana, Sifuri

Bajeti ya chakula niliipanga mimi. Naandika hivyo mapema kwa sababu nyumbani siku hizi wanasema "tulipanga", kama vile tulikaa kikao. Hatukukaa. Mama aliuza vitunguu saumu Dongobesh, akarudi na hela amezifunga kwenye kanga, akasema safari hii watoto wanakwenda kuona ile bustani ya michezo iliyofunguliwa Mogitu, chini ya mlima. Mapacha wetu wako darasa la nne, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na muhula mzima walikuwa wanaimba mabembea ya umeme na mabwawa ya kuogelea. Baba akasema ng'ombe hawana likizo, yeye anabaki. Bibi, mama yake baba ambaye tunaishi naye, akasema yeye anakwenda, hajawahi kuona mtu mwenye akili analipa ili arushwe hewani.

Halafu mama akanisukumia daftari. "Wewe si umesoma biashara shuleni? Panga tutakula nini."

Elfu arobaini, watu watano, siku mbili. Nilimaliza kwa dakika kumi, maana mimi kukaa na kitu kimoja muda mrefu siwezi. Asubuhi, chai na chapati za gesti. Jioni, ugali kwenye mgahawa wa barabarani. Mchana tunakula chakula chetu wenyewe: makande siku ya kwanza, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha siku ya pili. Kwa hiyo kwenye mstari wa mchana niliandika sifuri, mara mbili, na nikaziona nzuri kabisa.

Mama alisoma, akarudia jambo moja tu. Bibi ana sukari. Anachoma sindano asubuhi na jioni, na nesi wa kwetu alishatuambia mbele yake kwamba ile ya asubuhi inafanya kazi mpaka mchana, kwa hiyo asiruke chakula cha mchana hata siku moja. "Sukari ikipanda inamchosha polepole," alisema yule nesi. "Ikishuka, hakuna polepole." Nilisikia. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Sasa, kwetu bibi haulizwi kama atakula. Hakuna mzee anayeulizwa hivyo. Ukimuuliza mzee "utakula?" umemlazimisha akatae, maana kukubali haraka ni ulafi. Unaweka sahani mbele yake, unamnawisha mikono, unakwenda zako. Atanung'unika kwamba ni nyingi mno, ukirudi unakuta sahani nyeupe. Mimi nimeanza kumnawisha bibi nikiwa na miaka sita. Hata sikujua kwamba ni sheria. Nilijua tu ndivyo chakula kinavyokwenda.

Ijumaa tulishuka kwa basi la kupitia Dareda, tukalala gesti. Dawa ya bibi ilikuwa kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, nimeipakata njia nzima. Jumamosi asubuhi mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni na upepo ulikuwa mkali. Saa moja bibi akachoma sindano, akapewa chai isiyo na sukari na chapati moja. Baadaye kidogo niliona nusu ya ile chapati mkononi mwa pacha wa kiume, anatafuna huku anaruka ruka. Nikapita, nilikuwa nawahi foleni ya tiketi.

Getini kulikuwa na askari kijana, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Hiyo hotpoti ina nini?"

"Makande."

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama. Mtaiacha hapa, mtaichukua mkitoka."

Mama akacheka, alidhani anataniwa. "Cha nje? Baba, hii nimeipika ndani, na mlango nilifunga."

Watu wa nyuma yetu walicheka. Askari naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika hotpoti, na mwingine unaonyesha kibao ukutani. Nilisoma kile kibao. Maneno yale yale yalikuwa kwenye tangazo nililotumiwa kwenye simu. Tangazo lilikuwa refu. Mimi nilisoma bei za mabembea, kule chini sikushuka.

Mama alidhani kosa ni la geti, nikamwacha adhani hivyo.

"Ingieni ninyi, tiketi zisipotee bure," akasema. "Mimi nabaki hapa, namsubiri bosi wao. Nitamwambia tuna mgonjwa." Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. "Saa sita bibi awe anakula. Umenisikia? Nikichelewa, nunua."

"Ndiyo, mama."

Ndani kulikuwa kama walivyoimba mapacha. Bwawa la buluu, mteremko wa maji, kitreni kinachozunguka, muziki unaopiga mpaka kifuani. Hela taslimu hazipokelewi mle, unalipa kwenye dirisha moja, wanakuwekea kwenye kadi. Nilipanga foleni nusu saa. Nilikuwa na elfu ishirini na tano mkononi, na hapo bado ugali wa jioni, chai ya kesho, na kesho yenyewe ambayo nayo ilikuwa na mchana wake wa sifuri. Nikaweka elfu kumi.

Saa sita na robo tukasimama mbele ya kaunta ya chakula. Bei zilikuwa juu, kwenye ubao.

"Soma," bibi akasema. Macho yake hayafiki mbali.

"Chipsi kavu elfu tano. Wali maharage elfu sita. Wali kuku elfu kumi na mbili."

"Elfu kumi na mbili! Kuku wa debe zima la mahindi! Huyo kuku amesoma mpaka kidato cha ngapi?"

Mapacha wakaanguka kwa kicheko. Dada wa kaunta naye akacheka, akainama kwa heshima akamuuliza, "Na wewe, bibi yangu, utakula nini?"

"Mimi nimeshiba, mjukuu wangu. Wape watoto."

Dada wa kaunta hana kosa, hiyo ndiyo kazi yake, kuuliza. Lakini mimi nikamgeukia bibi, na mimi nikauliza. "Kweli, bibi?"

"Sili mimi vya humu. Namsubiri mama yenu na makande yake."

Niandike ukweli. Nilipumua. Mama angetokea wakati wowote, mstari wangu wa mchana ulikuwa umeshaharibika, na bibi alikuwa amenipunguzia. Nikanunua chipsi sahani mbili za mapacha, kadi ikaisha. Bibi akakaa kwenye benchi chini ya turubai, akawaangalia wanakula. Pacha wa kike alimnyooshea chipsi moja, akaikataa kwa kiganja.

Mapacha wakarudi majini. Saa saba ikafika. Mama hajatokea.

Upepo wa mlima ulikuwa unapita mle mle kwenye turubai, mimi nimevaa sweta na bado nasikia baridi. Bibi alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Niliona. Nikajiambia ni zile kanga mbili alizojifunga. Akawa anafungua ile ya juu, anaifunga, anaifungua, fundo halishiki.

"Bibi, unasikia joto?"

"Eeh."

"Au baridi?"

"Eeh."

Nikaudhika. Nilidhani amenikasirikia kwa ajili ya makande na sasa ananijibu ilimradi. Nikampigia mama simu.

"Bosi wao yuko njiani," mama akasema. "Bibi amekula?"

"Yupo, amekaa, ametulia."

"Nimekuuliza amekula?"

Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa naangalia njia ya getini tu, kana kwamba nikiikazia macho mama atatokea haraka. Mapacha wakarudi wanadondosha maji, wamepata rafiki bwawani, binti mdogo wa rika lao. Yule mtoto alikuwa amefundishwa kwao. Alipomwona mzee alipiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Bibi akainua uso. Akamtazama yule mtoto muda mrefu, kama anayetafuta kitu usoni mwake. Halafu akainamisha kichwa, taratibu, kwa heshima yote, akasema, "Shikamoo."

Pacha wa kiume akapiga kelele, "Bibi kamwamkia mtoto!" na akacheka. Yule binti hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili, akaangalia huku na huku akimtafuta mama yake.

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia neno lile likitoka kinywani mwa bibi. Wote aliopaswa kuwaamkia walishazikwa. Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa, wa baridi, na unatetemeka kutoka ndani. "Bibi," nikasema. "Bibi, mimi ni nani?" Akaniambia kitu kwa kilugha, kitu cha kufungua zizi, ng'ombe wametoka. Halafu akateleza kutoka kwenye benchi, mzima mzima, kama kanga inayoanguka kwenye kamba.

Nilikimbia kaunta. "Nipe soda! Soda, haraka!"

"Leta kadi, dada."

"Imeisha! Chukua hela hizi!"

"Sishiki hela mimi, dirishani pale..."

Dirishani kulikuwa na foleni mpaka kwenye kitreni. Kulikuwa na baba mmoja amekaa na familia yake, soda ya machungwa mbele yake imefunguliwa. Nikaichukua.

"We binti, una wazimu?"

Nilipiga magoti kando ya bibi, nikamwekea chupa mdomoni. Meno yalikuwa yamebana. Soda ikamwagika shingoni, kwenye kanga. Mke wa yule baba alikuwa ameshafika, akanisukuma kwa bega. "Usimmwagie, atapaliwa! Mgeuze ubavu. Ana sukari? Leteni sukari!" Dada wa kaunta akaja na kikombe cha sukari. Yule mama alilowesha kidole, akachovya, akawa anampaka bibi ndani ya shavu, kwenye fizi, anachovya tena, anapaka tena, huku anamwita, "Bibi. Bibi. Rudi, bibi." Muziki ulikuwa unaendelea. Kitreni kilikuwa kinazunguka. Mapacha walikuwa wamesimama wameshikana mikono, hawalii.

Hapo ndipo mama alipotokea, anakuja mbio, hotpoti kifuani. Bosi alikuwa ameruhusu.

Walitupeleka kituo cha afya kwa gari la bustani. Bibi alitundikiwa dripu, na baada ya muda macho yake yakarudi. Hivyo tu naweza kueleza. Yalikuwepo muda wote, sasa yakarudi. Akamwona mama, akaniona mimi, akauliza watoto wako wapi. Mama akamwambia wako nje. Akalia kimya kimya huku anamfuta ile soda shingoni.

Nesi akaja na faili. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, Kiswahili chake kilikuwa chepesi.

"Haya, bibi, tuongee. Asubuhi ulichoma?"

"Nilichoma."

"Mchana ulikula nini?"

Bibi hakusita. "Wali na kuku."

"Kiasi gani?"

"Sahani nzima. Mjukuu wangu huyu alininunulia."

Mama akanigeukia. Kwenye uso wake, pamoja na machozi, kulikuwa na shukrani. Akanishika mkono palepale alipokuwa amenibana getini, sasa kwa upole. "Asante, mwanangu," akasema.

Nikaipokea ile asante. Ilikuwa rahisi mno. Bibi alikuwa amenifunika, na shuka lilikuwa linanitosha.

Nesi akaandika. "Kama amekula hivyo na bado imeshuka kiasi hiki, basi dawa ni nyingi. Tunapunguza kuanzia jioni hii. Na kule kwenu mtaendelea na hiki kipimo kipya, sawa mama?"

"Sawa," mama akasema.

Nilimwangalia bibi. Na yeye alikuwa ananiangalia, macho makavu, na niliona anajua anachofanya. Ananiambia ninyamaze. Lakini nilikuwa naona pia ile karatasi inavyorudi nasi Dongobesh, sindano ndogo kila asubuhi, kila jioni, sukari inapanda, anachoka polepole mbele yetu wote, na hakuna anayejua kwa nini isipokuwa mimi na yeye.

"Hajala," nikasema.

Nesi akasimamisha kalamu.

"Hajala mchana. Asubuhi alikula nusu chapati. Nilimuuliza kama atakula, akasema ameshiba, nikamwacha. Hela nilikuwa nazo."

Mama aliachia mkono wangu. Hakuuvuta, aliuachia tu. Nesi alinitazama mimi, akamtazama bibi, akakata mstari aliokuwa ameuandika, akaukata mara ya pili. "Kipimo kinabaki kile kile," akasema. "Leo analala hapa. Na huyu binti atoke nje kidogo, au akae. Lakini asiongee naye, apumzike."

Nilikaa. Bibi alikuwa amegeuza uso ukutani. Nikamwita mara moja, kwa sauti ndogo, hakuitika. Mama alikuwa mlangoni amenipa mgongo. Kwa hiyo nikabaki naangalia shingo ya bibi, ule mshipa chini ya sikio, pale mama alipofuta soda, kama unaendelea kupiga. Ulikuwa unapiga. Nikaendelea kuangalia.