Vile Nilipaka Gloss Jiwe la Jani Huko Juu Subukia

Wakuu, niaje. Sina sababu ya kuwadanganya, juu hii story hainijengi popote.

Mimi ni caretaker wa site fulani huko juu Subukia. Kuna fence na signboard ya serikali: usiguse, usichimbe, usibebe. Ndani ni mawe ya kitambo, na moja kubwa iko na jani. Si mchoro. Ni jani lenyewe, liligeuka jiwe kabla binadamu aanze kusumbua hii dunia. Mishipa yote unaona.

Miaka sita nimefukuza mbuzi, lovers na wale wa kuandika majina. Asubuhi nilikuwa nasalimia hiyo jiwe kabla ya bibi yangu. (Msimwambie.)

Sasa tukasikia wageni wakubwa wanakuja. Na mnajua Kenya yetu, mgeni akikaribia, mawe inapakwa nyeupe. Chairman wa committee, mzee wa suti na akili nyingi sana, akaleta mkebe wa gloss, ile rangi ya mafuta ya kung'aa.

"Anza na hiyo kubwa."

"Mzee, hiyo ndio iko na jani. Ndio wanakuja kuona."

"Si ndio maana inafaa kuwa smart? Ama nitafute mtu anataka kazi?"

Niko na watoto watatu shule. Nikashika brush. Nikapiga coat mbili, juu mimi si mtu wa kazi nusu.

Wageni wakakuja, Chairman akapigiwa makofi ya usafi. Kisha mathe mmoja, mtaalamu wa mawe, akauliza, "Na jani liko wapi?"

Chairman akaanza kuangalia milima. Nikajibu mimi: "Liko hapo chini ya rangi, madam."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliweka mkono kwa hiyo nyeupe, akasema, "Tukikwangua, litatoka na rangi."

Kazi nilibaki nayo. Hongera kwangu, nalinda rangi.

Juzi wanafunzi kutoka mtaa wa Rhonda walikuja. Nikawachorea jani kwa vumbi na kijiti, mshipa kwa mshipa. Msichana mmoja akaniuliza, "Wewe uliliona?"

"Mimi ndio wa mwisho kuliona." Sikumwambia kwa nini. Niliona haya, wakuu.

Funzo: kuna siku kusema "hapana" ndio kazi uliandikwa kufanya.

Kama kuna fundi hapa anajua kutoa gloss bila kugusa jiwe, tafadhali aandike hapo chini. Wa kunitusi pia karibuni, lakini mpisheni fundi kwanza.