Pazia la Leso Katika Darasa la Lambwe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Migori alinipa chaki, akanionyesha darasa lililokuwa likivuma kelele, akasema, "Kijana, watoto hawa watajua Kiingereza chote isipokuwa vile vineno vidogo, a na the. Ukivishinda hivyo, nakununulia soda." Soda hiyo sijainywa mpaka leo.

Chuoni tulifundishwa kuviita vibainishi. Ninyi vijana mnavitamka bila kufikiri, lakini sisi tuliotoka kwenye Dholuo na Kikuria tulivionea ajabu. Kwetu ukisema ng'ombe, umemaliza. Anayekusikiliza anajua kama unamsema yule wa jirani au ng'ombe yeyote tu. Mwingereza hatulii mpaka umwambie kama ng'ombe huyo mmeshatajiana au bado. Nilikariri kanuni za kitabu mbele ya watoto mpaka nikajichosha mwenyewe. Halafu siku moja nikawapa habari ya mgeni. Anayepiga hodi mara ya kwanza, hujui ametoka wapi, huyo ni a man. Akishaketi, akanywa uji, mkajuana, ukimtaja tena huyo ni the man. Walielewa mara moja, kwa sababu adabu ya mgeni walikuwa nayo tangu nyumbani. Miaka yote iliyobaki nilifundisha hivyo hivyo, na asiyependa shauri yake.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa Homa Bay, upande wa elimu ya watu wazima, ile watu waliyoiita gumbaru. Bosi wangu alikuwa afisa wa wilaya, mtu wa suti ya kijivu na maneno machache. "Mwalimu," aliniambia, "wazee hawachapwi. Wakichoka wanaenda nyumbani, na darasa likifa, wewe ndiye umeliua." Akanituma Lambwe.

Ah, Lambwe ya mchana. Tulisomea katika kanisa la mabati, jua likipenya kwenye matundu ya misumari na kutua sakafuni vidoa vidoa, harufu ya mvua ikija kutoka upande wa mbuga ya Ruma, na sauti za wazee zikirudia baada yangu polepole, kama watu wanaosema usingizini. Hadi leo nikisinzia mchana nazisikia.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Mama Achieng, mkulima wa mahindi, mjane, mkali. Alitaka Kiingereza ili wajukuu wasimsengenye akiwa amekaa hapo hapo. Siku moja akaingia Odhiambo, kijana aliyelima kwa plau ya ng'ombe, akaketi benchi la nyuma. Mama Achieng alipomwona alijifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa pembeni. Odhiambo alikuwa amemwoa binti yake, Achieng. Kwa sisi Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawatazamani, hawaongei ana kwa ana. Ni heshima, si chuki.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na Lambwe nzima ililijua. Achieng alikuwa amegombana na mumewe na kurudi kwa mama yake. Wajumbe walikwenda wakarudi mikono mitupu, na wazee walishaanza kusema kwamba mavuno yakipita kabla hajarudi, ng'ombe wa mahari warudishwe na ndoa iishe.

Nilimwomba Odhiambo atafute darasa lingine. "Japuonj," alisema, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwetu, "nikimtuma mtu kwa yule mama, maneno yangu yanafika yamegeuzwa. Niache nikae hapa. Hata nikimsikia akikohoa tu, najua kwake wako salama." Nilimhurumia sana.

Afisa alisema nichague mmoja. Sikuchagua. Nilifunga kamba ya katani katikati ya kanisa, nikatundika leso mbili za mke wangu, akina mama huku, wanaume kule. Mama Achieng alilikagua pazia, akalivuta mpaka likagusa sakafu, akaketi. Afisa alipokuja kukagua alisimama mlangoni.

"Hili ni darasa au wodi ya wazazi?"

"Bwana afisa," nikamjibu, "darasa liko hai."

Akaenda zake.

Alasiri moja tulikuwa tukitunga hadithi, kila mtu na sentensi zake, kitu kipya kikija na a, kinachojulikana kikija na the. Zamu ya Odhiambo ikafika. Akasimama.

"A man has a house," akasema. "The house is cold."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu aliijua nyumba hiyo yenye baridi. Nilitaka kupitisha zamu, lakini nyuma ya leso benchi lililia, na sauti ya Mama Achieng ikatoka polepole, ikichagua kila neno.

"Why is the house cold?"

"The man has a bad mouth. He shouted."

Mdomo mbaya, kama tunavyosema nyumbani. Sikumsahihisha. Leso zilipepea kidogo, nami nimesimama na chaki mkononi, naogopa hata kupumua. Hawa wawili hawakuwa wameambiana neno tangu harusi, na hata sasa hawakuwa wakiongea. Walikuwa wakitunga hadithi tu. Mila haikuguswa.

"Is the man sorry?"

"The man is very sorry."

Mvua ikaanza kugonga mabati.

"The man can come on Sunday," alisema Mama Achieng. Kisha, kwa ile sauti yake ya kunigombeza, "Japuonj, nimesema sawa?"

"Sawa kabisa, mama."

Achieng alirudi kwa mumewe kabla ya mavuno.

Sasa nimestaafu, nina kuku wangu na magoti yanayouma. Wako wanaoniuliza kama ilikuwa na maana kufundisha vineno vidogo hivyo kwa watu wa jembe. Huwa nawasimulia siku ya kuniaga, kanisani pale pale. Mama Achieng aliketi upande wake, ameelekea dirisha. Odhiambo aliketi upande wake, ameelekea ukuta, na Achieng katikati, mtoto mgongoni. Afisa alihutubu kirefu, sikumbuki alisema nini. Ninachokumbuka ni Odhiambo akinipa mkono na kusema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Japuonj, the house is warm."

Na kule upande wa pili, bila kugeuka, Mama Achieng akaliambia dirisha, "I know the house."