Kitunze au Nitunzie

Sisi tuliokuwa wadogo hapa Munje miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, tulijua kutunza vitu. Sisemi hivi kujisifu. Vitu vilikuwa vichache, na anayetunza kwa kuwa hana kingine labda hastahili sifa. Lakini jana mjukuu wangu alitupa kisu cha jikoni jaani, akaniambia, "Kimekuwa butu, Bibi, nitanunua kingine," nami nikakasirika kupita kiasi, hata chai ikanishinda. Baadaye nilijiuliza kama hasira ile ilikuwa ya kisu kile au ya kisu kingine. Ilikuwa ya kingine. Basi nakiandika, ingawa shule niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, rangi yake kama halua. Alikipata Ramisi alipokuwa akikata miwa, kabla hajarudi nyumbani kusuka madema, ile mitego ya samaki ya fito. Kisu hicho hicho kilichonga fito, kikamenya machungwa, kikamkata kucha. Kila siku baada ya sala ya alasiri kukisafisha kulikuwa kazi yangu. Kaka zangu walikitaka, Babu akasema wana haraka.

Kwanza kitambaa kikavu, kuondoa chumvi, maana hewa ya huku kwetu inakula chuma hata kikiwa mfukoni. Kisha jivu la vifuu, kidogo tu, kwenye ubapa. Halafu jiwe la kunolea na mate. Maji Babu aliyakataa, sijui kwa nini, na sikuthubutu kuuliza. Makali yalale kwenye jiwe, yasisimame. Mwisho unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya nazi, tone moja kwenye bawaba, kunja, kunjua, kunja, mpaka kilie tak. Tulikijaribu kwa uzi wa ukindu ulioning'inia: ukikatika bila kuyumba, kazi imekwisha.

Maembe mabichi kilikuwa hakiyagusi. Wenzangu walikata yao kwa visu vya mama zao, wakachovya chumvi na pilipili, na mimi mwenye kisu kikali kuliko vyote nikatafuna kwa meno kama mbuzi. "Ukali wa embe unakula chuma," Babu akisema. "Meno yataota mengine." Nayasubiri mpaka leo.

Jambo moja zaidi, na wa rika langu mtalikumbuka: hatukupokezana kisu mkono kwa mkono. Kinaleta ugomvi baina ya watu. Anayetoa anakiweka chini, anayepokea anakiokota. Hata mama na mwanawe jikoni walifanya hivyo.

Babu alipougua, asubuhi moja niliingia chumbani mwake na uji. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida. Akatoa kisu chini ya mto, akakiweka mkekani katikati yetu, akakisukuma kwangu kwa vidole viwili. Akasema neno moja. Nikakiokota, nikakifunga kwenye pindo la leso. Hatukuwa na mtu mwingine mle ndani. Siku ya nne yake akafariki.

Baada ya khitma wazee walikaa barazani. Ami Bakari, mtoto wa dada yake Babu, alikuwa wa kwanza kusema. Kwetu Wadigo kulikuwa na ada ya zamani kwamba cha mjomba ni cha mpwa, na wengi waliifuata bado, ingawa sharia inasema vingine. Kuhusu minazi walikuwa wameshasuluhishana. Kikabaki kisu.

"Kisu cha mjomba wangu kiko wapi?" akauliza.

Bibi, mke wa Babu, akajibu toka mlangoni, "Anacho Mwanasha. Alipewa."

"Alipewa na nani, mkaza mjomba? Mtoto wa kike na kisu cha kukunja, anakwenda kuchonga nini, wanja?"

Watu wakacheka. Nikaitwa, nikasimama mbele yao na leso yangu. Maalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwapo, mtu mpole, na kwa haki niseme hakutaka kunitisha.

"Mwanangu, Babu alikutia mkononi?"

"Hapana, Maalimu. Alikiweka chini, nikakiokota."

"Mmesikia," akasema Ami Bakari. "Kaokota. Hata kuku huokota."

Walijua wote. Hapakuwa na mtu barazani pale aliyewahi kumpa mwenzake kisu mkononi maisha yake yote, na hakuna aliyesema. Baba yangu alikuwa akitazama viatu vyake. Ada ile ile waliyotufundisha kwa makofi ndiyo waliyonifunga nayo.

Maalimu akainua mkono wanyamaze. "Tuache hayo ya chini na juu. Alisemaje? Alisema kitunze, au alisema nitunzie? Akisema kitunze, amekupa, ni chako. Akisema nitunzie, ni amana, kinarudi kwa wenyewe."

Nilikuwa na miaka tisa. Sauti ya Babu ilikuwa imekauka, neno lilitoka nusu. Nilisikia "tunz". Mwanzo na mwisho wake sikuupata. Ningeweza kusema kitunze, na nani angenipinga? Lakini tulifundishwa kwamba ulimi wa mwongo utanyooshwa siku ya Kiyama, na Babu mwenyewe alikuwa kaburini siku tatu tu.

"Sikusikia sawasawa, Maalimu," nikasema.

"Basi hakuna ushahidi," akasema kwa huzuni. Nikakiweka kisu sakafuni. Ami Bakari akakiokota.

Lazima nimtendee haki. Ami Bakari ndiye aliyembeba Babu mgongoni mpaka kwa daktari Msambweni, jua la saa saba, wakati baba yangu hayupo. Ada ilikuwa upande wake. Na pengine Babu alisema nitunzie kweli. Nimelipima neno lile zaidi ya miaka sitini na sijui.

Ila haukwisha mwezi, Alhamisi moja akaja uani kwetu, kisu kimeshika kutu, ncha imepinda kwa kufungulia debe la mafuta ya taa, na makali yananuka embe. Akakiweka chini mbele yangu.

"Mwanasha, hebu kinoe. Mimi hakinikubali."

"Ewaa, Ami," nikajibu.

Nikakinoa. Akarudi Alhamisi nyingine, na nyingine, nami nikakinoa mpaka nilipoolewa, kwa jivu na mate na unyoya, kisu kisicho changu, na kila mara nilisema ewaa. Wanawake uani waliniita mwenye adabu. Tuliita adabu mambo mengi siku zile.

Siku hizi watoto hawanoi. Hawajui mafuta ya nazi yanaingia wapi, wanaamkia watu macho yakiwa kwenye simu, na kila kitu kikichoka wanakitupa. Tulikuwa bora kuliko wao, nimesema hivyo mara nyingi na nitasema tena. Lakini jana, baada ya kumgombeza, nilimsimulia mjukuu wangu habari hii. Akanisikiliza mpaka mwisho, simu ameiweka kando.

"Bibi, mimi ningesema kitunze," akasema. "Na akija kunolewa kisu ningemwambia akakinoe kwa meno."

Nikamkaripia. Nikamwambia huo ni uongo, na jeuri juu yake. Nilimkaripia kwa muda mrefu, na ndani yangu sikuweza kupata hata neno moja la kumjibu.