Mjomba na Farasi wa Ayalandi

Mjomba wangu hajawahi kumgusa farasi. Mimi ni afisa mifugo, nimezunguka Songea hii kata kwa kata, na sijaitwa hata siku moja kutibu farasi, kwa sababu hawapo. Lakini mkute mjomba pale Mfaranyaki kwenye banda la kubeti, amekalia kiti cha plastiki mbele ya tivii, anatazama mbio za farasi, utadhani kazaliwa zizini Ayalandi na kunyonyeshwa na farasi jike mwenyewe.

"Waingereza wanapigwa!" atakwambia hata hujamaliza shikamoo. "Nyumbani kwao! Uwanja wao, waamuzi wao, kofia zao, na wanapigwa. Na nani? Na Waayalandi! Kijinchi hiki hapa." Anakuonyesha kiganja. "Kwa nini? Damu, mpwa wangu. Damu!"

Somo likishaanza halina mwisho. Kwamba Waingereza ndio walioandika kitabu cha ukoo wa farasi, baba wa nani, babu wa nani, halafu Waayalandi wakakisoma vizuri kuliko wenye kitabu. Kwamba hata farasi anayeshinda kwa jina la tajiri wa Kiingereza, ukimfuatilia, kazaliwa kwenye shamba la mkulima mmoja wa Ayalandi, akauzwa akiwa mdogo. Mwingereza anatoa fedha, anapeleka farasi kwake, anampamba. Mwezi wa tatu ukifika, msimu wa mbio kubwa za Uingereza, Mwayalandi anavuka maji na yule aliyembakiza, anawachapa wote. Mjomba anasimulia haya huku akipiga paja, kana kwamba yeye ndiye aliyempandisha mama wa farasi. Suruali yenyewe imechanika gotini.

Na wale wazee wenzake wanaitikia! Eti ndiyo, damu. Wanaume wazima, mashamba ya mahindi yamefunikwa na nyasi huko, wamekaa saa nane mchana wanajadili nasaba ya mnyama ambaye akiingia hapo bandani watakimbia wote.

Siku moja nilimjibu. Nilimwambia, mjomba, nimesoma, kule udongo una chokaa, majani yanaota karibu mwaka mzima, ndiyo maana mifupa inakomaa. Watu wanaamka alfajiri kulisha na kupiga brashi. Watoto wanapanda farasi kabla hawajajua kusoma. Vijijini wana mashindano yao ya mashambani ambako farasi mchanga anafundishwa kuruka ua na mitaro. Mbegu ni kitu kimoja tu. Kisha nikamkumbusha mtamba niliyempa mwenyewe, ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora, niliyempandisha mama yake kwa mrija, bila dume, kwa mikono hii. Alimlisha mabua makavu. Alipozaa alitoa maziwa ya kutosha chai ya watu wawili, tena bila ugeni.

"Huyo damu yake ilikuwa feki," mjomba akasema, akageukia tivii.

Khaa! Nilimdharau siku ile nikajua sitaacha.

Ningeweza kumwacha na farasi wake, ila kulikuwa na jambo moja. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mjomba akatuchukua mimi na mama, akanisomesha mpaka chuo cha mifugo. Kwa hiyo nilipopata mwanaume wa kunioa, kauli ya mwisho ilikuwa ya huyohuyo, wa kiti cha plastiki.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, ana karakana yake Msamala. Mtu mtulivu, anacheka taratibu. Kwao ni Namtumbo. Alilelewa na bibi yake, mama mkulima wa tumbaku, na baba yake hajulikani. Hakuna anayemjua, hata ukoo wake. Kwetu hilo si dogo, maana wazee huuliza ukoo kwanza, wasije wakaoza ndugu kwa ndugu. Nilipomwambia mama, alisema, "Tumwachie mjomba wako." Nililia. Nilimpenda yule mwanaume, sina haja ya kuficha, na nilijua anakwenda kupimwa kwa kipimo cha farasi.

Posa ikaletwa Jumapili baada ya ibada. Walikuja bibi na mshenga wake. Mwenyewe kwa desturi hakuja. Walianza na ile michezo yetu ya siku zote: wageni wakaambiwa wamepotea nyumba, wakatozwa kitenge kwa kuchelewa, wakabembeleza, watu wakacheka. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nikisikiliza kila neno. Mwishoni nikaitwa sebuleni nisimame mbele ya wazee, niulizwe kama nawafahamu wageni. Binti hujibu ndiyo, vigelegele vinapigwa, mambo yamekwisha.

Kabla sijaulizwa, mjomba akakohoa.

"Ngoja kwanza. Bibi, huyu kijana wako baba yake nani?"

"Simjui," bibi akasema. "Nimemlea mimi."

"Aaa! Huko Ayalandi, bibi yangu, farasi asiye na baba kwenye karatasi haingii uwanjani. Hata afungiwe mabawa! Lazima tujue damu. Sisi hapa tuna damu ya mbio, hatuwezi kuichanganya hovyohovyo." Na akaendelea. Akamtaja farasi wake mmoja, bingwa aliyewatesa Waingereza miaka mitatu mfululizo, mama yake fulani, babu yake fulani. Kikongwe wa watu amekaa kwenye mkeka, miguu imepasuka kwa kazi, anasomewa ukoo wa farasi. Alikuwa anatabasamu. Mimi nikaona anatabasamu kwa aibu, moyo ukaniwaka.

"Mjomba," nikasema, "huyo farasi wako nimemsoma. Amehasiwa."

"Hao wanaoruka viunzi wengi wanahasiwa wakiwa wadogo, ili watulie. Kazi hiyo naifanya kila wiki kwa ng'ombe, naijua. Hana mtoto, hatapata mtoto. Damu yote hiyo unayoiimba inaishia kwake." Hapo ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Kama wewe."

Mjomba hana mtoto. Ameoa miaka zaidi ya thelathini, hana. Nilijua ninachosema, nisijisingizie kwamba ulimi uliteleza. Nilikichagua kama unavyochagua fimbo.

Mke wake alikuwa anaingia na sinia la soda. Aliliweka sinia chini palepale mlangoni, akarudi jikoni. Mjomba aliangalia mikono yake.

Bibi ndiye aliyesimama. Alijifunga kitenge chake vizuri, bila haraka.

"Mimi nilikuja kutafuta mtu wa kukaa na mjukuu wangu, na mimi nikizeeka anitazame," alisema. "Huyu amemwambia hivi aliyemlea, mbele za wageni. Mimi ataniambia nini?"

Mshenga alijaribu kumshika mkono. Mama alipiga magoti kabisa. Bibi alimwinua mama kwa heshima, akaaga kila mtu, mpaka mimi, wakatoka kutafuta bodaboda.

Kesho yake nilikwenda Msamala. Nilimkuta anachomelea geti, akazima mashine, akavua miwani.

"Bibi kaniambia. Ni kweli ulisema?"

"Alikuwa anamdhalilisha bibi yako! Anamfananisha na..."

"Nimekuuliza ulisema?"

"Nilisema."

Alipangusa miwani kwa shati, muda mrefu. "Bibi kanilea peke yake," akasema. "Akishasema hapana, mimi siwezi kukuleta nyumbani kwake." Aliniuliza kama nina nauli ya kurudi. Nilisema ninayo. Mwaka uliofuata alimwoa mwalimu mmoja, nasikia sasa wana mtoto.

Mjomba nilimwomba radhi siku zilezile za posa, mara tatu. Mara zote alisema, "Yamekwisha, mpwa wangu," na akanipisha njia. Mke wake nikimwamkia anaitikia marahaba akiangalia pembeni. Mpaka hapo, Mungu anisamehe, bado nilikuwa na kisingizio changu. Nilijiambia kwamba mzee yule wa kubeti alikuwa amedhamiria kunivunjia ndoa kwa upuuzi wake, nami nilijitetea, nikazidisha tu. Nilikaa na kisingizio hicho wiki mbili nzima, nakwenda nacho kazini, narudi nacho.

Wiki ya tatu baada ya posa tulikuwa uani na mama tunachambua maharage. Nikaanza tena, mjomba hivi, mjomba vile, na farasi wake wa kijinga.

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Mjomba wako alikwenda Namtumbo," akasema. "Wiki ile kabla ya posa. Alipanda gari asubuhi, akamtafuta yule bibi mwenyewe, akakaa kwake mpaka jioni, akanywa togwa. Aliporudi akaniambia, kijana aliyelelewa na mwanamke mmoja kwenye tumbaku akatoka na ufundi wake, huyo kalelewa, tumpe. Maneno ya farasi walipanga wote wawili. Bibi alimwambia, nitanie sana siku hiyo, nataka nami nisumbuliwe kama wenye koo zao wanavyosumbuliwa."

Alitupa jiwe dogo pembeni, akaendelea kuchambua.

"Mbuzi wa kuwachinjia wageni alikuwa amefungwa kwa jirani," akasema. "Tulikuita useme unawafahamu wageni, basi."